Earl Young na mdundo wa disko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Earl Young ni nani hasa?

Ni mpiga drams wa Philadelphia, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1940. Wengi hawalijui jina lake, ila mguu wake wa kulia wameshauchezea harusini mara nyingi bila kujua ni wa nani. Katika miaka ya 1970 alikuwa na kazi nne kwa pamoja. Alikodiwa studio kupiga drams za waimbaji wengine, alikuwemo kwenye kundi la MFSB, aliongoza kundi lake la The Trammps na kuimba humo sauti nzito ya chini, tena alikuwa mmoja wa maprodyuza watatu waliofanya kazi kwa jina la Baker, Harris na Young. Kwa kuwa jalada la santuri kwa kawaida hubeba jina la mwimbaji, ukimtafuta kwenye majalada utampata mara moja kwa kila nyimbo kumi alizopiga, pengine hata hiyo moja usiipate.

Alianzia wapi?

Alianzia kwenye The Volcanos, kundi la Philadelphia lililokuwa chini ya lebo ya Arctic. Wimbo wao unaokumbukwa zaidi, Storm Warning, ni wa 1965. Kutoka kwenye mabaki ya kundi hilo ndiko walikokuja kuzaliwa The Trammps mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kilichombeba zaidi ni wenzake wawili, Norman Harris wa gitaa na Ronnie Baker wa gitaa la besi. Watatu hao waliajiriwa kama kifurushi: ukimwita mmoja, umewaita wote. Kituo chao kilikuwa Sigma Sound, studio iliyofunguliwa mwaka 1968 na fundi mitambo Joe Tarsia katika barabara ya North 12th. Kenneth Gamble na Leon Huff walipoanzisha lebo ya Philadelphia International mwaka 1971, hawakuhangaika kutafuta wapigaji. Wapigaji walikuwa wamekaa pale pale, wameshazoeana.

Mdundo wenyewe ni upi?

Ngoma ya mguu hupigwa kwenye kila hesabu: moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka. Snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, huingia kwenye mbili na nne. Hadi hapo hakuna jipya. Kazi iko kwenye haiheti, yale matoazi mawili yanayobanwa na kuachiwa kwa pedali ya mguu wa kushoto. Hufunguka katikati ya hesabu, kwenye ile "na" ya "moja-na-mbili-na", kisha hufungwa hesabu inayofuata inapotua.

Kwa mdomo ni hivi: dum-tsii, dum-tsii, dum-tsii, dum-tsii. "Dum" ni mguu wa kulia. "Tsii" ni matoazi yakiachia pumzi. Sasa sikiliza pale "tsii" inapokatika. Haififii yenyewe, inakatwa na mguu wa kushoto, na inakatwa papo hapo "dum" nyingine inapoanguka. Kikato hicho ndicho kinachomsukuma mchezaji kwenda hesabu ya mbele. Ukikiondoa, unabaki na gwaride.

Ni kweli aliuvumbua yeye?

Ukisema kwa ulegevu, ndiyo. Ukisema kwa usahihi, yeye ndiye aliyeviunganisha vipande vilivyokuwepo na kuvifanya viwe mdundo wa kawaida wa wimbo mzima.

Ngoma ya mguu kwenye hesabu zote nne ilipigwa na wapiga drams wa jazi tangu enzi za bendi kubwa, japo waliigusa kwa wepesi mno hata ikawa inahisiwa zaidi ya kusikika. Lebo ya Motown, kule Detroit, ilikuwa na nyimbo nyingi za miaka ya 1960 ambazo snea ndiyo iliyopiga hesabu zote nne. Isaac Hayes, mwaka 1971, alifanya haiheti iongoze wimbo mzima wa filamu ya Shaft. Eddie Kendricks alitoa Girl You Need a Change of Mind mwaka 1972, na wako wanaoutaja huo kuwa wa kwanza wa disko. Hoja yao si ya kupuuzwa.

Tofauti ya Young ni mbili. Ngoma yake ya mguu ina sauti kamili, haifichwi. Na haiheti inayofunguka imefungamanishwa nayo kama pumzi na kifua. Mchanganyiko huo ulisikika waziwazi mwaka 1973 katika The Love I Lost wa Harold Melvin and the Blue Notes, na baada ya hapo ma-DJ wa New York wakawa wanautaka kwenye kila santuri.

The Love I Lost ulirekodiwa vipi?

Uliandikwa na Gamble na Huff ukiwa wimbo wa taratibu, wa mtu kuomboleza penzi lililopotea. Ukiyasikiliza maneno anayoimba Teddy Pendergrass, utaona bado ni maombolezo matupu. Studioni mwendo ukaongezwa, Young akaweka mguu kwenye hesabu zote nne na kuiachia haiheti, na msiba ukageuka kuwa wimbo wa kuchezwa. Ulifika namba 7 kwenye chati kuu ya Billboard na namba 1 kwenye chati ya R&B.

Kwa anayejifunza, wimbo huu una faida ya pekee: haiheti iko juu sana kwenye mchanganyo wa sauti. Kwa masikio ya leo inakaribia kukera. Lakini kwa DJ wa wakati ule, aliyekuwa akisikiliza santuri ya pili kwenye hedifoni katikati ya kelele za ukumbi, hiyo "tsii" ilikuwa kitu pekee kilichopenya. Besi huzama ukumbini, sauti ya juu haizami.

Nitaupigaje? Nina drams za kawaida tu.

Drams za kawaida zinatosha. Unahitaji ngoma ya mguu, snea na haiheti ya inchi 14. Matoazi mengine yaache kando mpaka mdundo ukae.

Anza na mpangilio wa mkono wa haiheti peke yake. Legeza kibano cha juu ili matoazi yaachane kiasi cha sentimeta 1 pedali ikiwa huru. Weka kipima mwendo kwenye 80, yaani hesabu 80 kwa dakika. Mkono wa kulia upige nane kwa kila mzunguko wa hesabu nne: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mguu wa kushoto ukanyage kwenye namba na kuachia kwenye "na". Usinyanyue mguu wote. Kisigino kibaki chini, vidole viinuke kidogo tu, matoazi yaachane milimita chache.

Hilo likikaa kwa dakika 5 bila kuyumba, ongeza ngoma ya mguu. Hapa ndipo wengi wanapogundua jambo la kufurahisha: miguu yote miwili inakanyaga kwa pamoja. Kulia unapiga ngoma, kushoto unafunga haiheti, wakati ule ule. Kwa hiyo mdundo huu ni rahisi kwa mwili kuliko unavyosikika. Mwisho weka snea kwenye mbili na nne kwa mkono wa kushoto. Panda 90, 100, 110, halafu 120. Usipande ngazi kabla ya kupiga dakika 3 mfululizo.

Baada ya wiki chache jaribu namna ya pili, ya kumi na sita. Mikono yote miwili iko kwenye haiheti ikibadilishana, kulia-kushoto-kulia-kushoto, mapigo manne kwa kila hesabu. Haiheti inafunguka kwenye pigo la tatu. Kwenye hesabu ya mbili na ya nne mkono wa kulia unaikimbilia snea, na kushoto unaendelea kushika haiheti. Namna hii inaujaza wimbo zaidi, na kwenye mwendo wa 125 kwenda juu inachosha viwiko vya asiyezoea.

Mbona wangu unasikika kama bendi ya shule?

Kuna sababu chache zinazojirudia.

Ya kwanza ni haiheti kuchelewa kufungwa. Kwenye mwendo wa 120 hesabu moja ina milisekunde 500, kwa hiyo "tsii" ina robo sekunde ya kuishi. Ikizidi hapo inalowesha ngoma ya mguu na kila kitu kinakuwa tope. Jirekodi kwa simu, usikilize kama "dum" inaanza safi au inaanza na mkia wa matoazi.

Ya pili ni kufungua matoazi kupita kiasi. Yakiachana sana hupiga makelele ya bati badala ya kupumua. Kinyume chake pia hutokea: unafunga na kusikia "chup" iliyokufa, kama mfuniko wa sufuria. Hapo hewa imenaswa kati ya matoazi mawili yaliyokaa sawasawa mno. Chini ya toazi la chini kuna skrubu ndogo ya kuliinamisha. Izungushe mpaka toazi liiname kidogo, hewa ipate pa kutokea.

Ya tatu ni snea na mguu kutotua pamoja kwenye mbili na nne. Ukisikia "t-dum" badala ya pigo moja, mkono unatangulia. Rudi kwenye 80.

Ya nne inawapata hasa waliokulia kwenye rumba na sebene. Mkono wa kushoto umezoea kuchambua, kutia vipigo vya pembeni, kumjibu mpiga gitaa. Hapa hauruhusiwi. Young anaweza kupiga dakika tatu bila kutia pambo hata moja, na pambo likija ni la kufungua kiitikio tu. Uvumilivu huo ni mgumu kuliko mapambo yenyewe.

Na mguu. Wimbo wa karibu dakika 11 kwenye mwendo wa 130 unadai mapigo zaidi ya 1,400 ya ngoma ya mguu. Ukikaza ugoko utaungua dakika ya nne. Punguza mkazo wa springi ya pedali, kaa juu kidogo hadi paja literemke kuelekea gotini, na acha kirungu kirudi chenyewe badala ya kukikandamiza kwenye ngozi.

Nifanyeje nipate sauti kavu kama ile ya Philadelphia?

Zima mlio. Ngozi ya mbele ya ngoma ya mguu itolewe au itobolewe, ndani uweke blanketi lililokunjwa likigusa ngozi ya nyuma kwa kiasi cha robo hivi. Likigusa nusu nzima, sauti inakuwa ya katoni. Snea ibandikwe kitambaa kilichokunjwa au pochi tupu ya pesa kwenye ukingo wa juu, ishikwe na utepe. Usiibandike katikati, utaua pigo lote.

Maikrofoni ya ngoma ya mguu iingie ndani, sentimeta 10 hivi kutoka kwenye ngozi inayopigwa. Ya haiheti ikae juu ya ukingo, sentimeta 10 hadi 15, ikitazama mbali na snea. Kosa linaloharibu rekodi nyingi ni kuiweka usawa wa mwanya wa matoazi. Kila yanapofungwa hutoa pumzi halisi ya upepo, na pumzi hiyo ikigonga maikrofoni unapata "puf" kwenye kila hesabu. Huwezi kuitoa baadaye.

Natumia programu ya kompyuta, sina drams. Nipange vipi?

Kwenye gridi ya hatua 16, ngoma ya mguu ikae kwenye hatua ya 1, 5, 9 na 13. Snea kwenye 5 na 13. Haiheti iliyofunguka kwenye 3, 7, 11 na 15. Haiheti iliyofungwa kwenye 1, 5, 9 na 13, na ukitaka ile ya kumi na sita, jaza na hatua zote zenye namba shufwa kwa sauti ya chini.

Kisha fanya kile ambacho wengi wanasahau: weka haiheti mbili kwenye kundi moja la kukatana, ili iliyofungwa inapolia iliyofunguka inyamaze. Bila hivyo unapata mwagiko wa sauti usiokatika, nao si mdundo wa Young tena. Usiache nguvu ya kila pigo iwe sawa. Zile za kujazia ziwe theluthi moja hadi nusu ya nguvu ya zile kuu. Na usiitie haiheti kuyumba kwingi. Mdundo huu hutembea wima.

Mashine za midundo zilipoingia, Roland TR-808 mwaka 1980 na TR-909 miaka mitatu baadaye, vijana wa Chicago waliotengeneza muziki wa house waliuchukua mpangilio huu huu. Haiheti ya 909 kwenye "na" ni mguu wa kushoto wa Young uliotiwa umeme.

MFSB ni nini?

Ni jina la pamoja la wapigaji zaidi ya 30 wa Sigma Sound: drams, besi, magitaa, kinanda, vibrafoni, tarumbeta na fidla. Kirefu chake rasmi ni Mama, Baba, Dada, Kaka kwa Kiingereza. Ndio waliopiga nyuma ya The O'Jays, Billy Paul, The Three Degrees na wengineo, kisha wakatoa santuri kwa jina lao. TSOP (The Sound of Philadelphia), uliotungwa kuwa wimbo wa kufungulia kipindi cha televisheni cha Soul Train, ulifika namba 1 Marekani mwaka 1974.

Kwa nini aliondoka Philadelphia International?

Malipo. Mpigaji wa kukodiwa alilipwa kwa kipindi cha saa kadhaa, basi. Santuri ikiuza milioni, kipindi ni kile kile. Vincent Montana, mpiga vibrafoni wa MFSB, alianzisha Salsoul Orchestra kwa ndugu watatu wa Cayre wenye lebo ya Salsoul ya New York, na Baker, Harris na Young wakapeleka nguvu zao nyingi huko. Philadelphia International ikaweka kikosi kipya cha midundo, Charles Collins akiwa kwenye drams.

Masikio yanaweza kuubaini mpaka huo. Santuri za lebo hiyo za kuanzia 1976 hivi zina mdundo laini zaidi, haiheti imeshuka. Usidhani ni Young amezeeka, si yeye.

Kama prodyuza alifanya nini?

Yeye na wenzake wawili walikuwa na lebo ndogo, Golden Fleece, iliyosambazwa kupitia CBS, na humo wakatoa albamu ya The Trammps ya 1975. Kundi lilipohamia lebo ya Atlantic waliendelea kulitayarishia. Upande wa Salsoul walitayarisha Ten Percent wa Double Exposure, na wimbo huo una nafasi yake ya pekee. Mwaka 1976 DJ Walter Gibbons aliurefusha hadi karibu dakika 10 na ukauzwa madukani kwenye santuri ya inchi 12, wa kwanza kufanyiwa hivyo kibiashara. Kabla ya hapo santuri za ukubwa huo zilipewa ma-DJ tu.

Ukubwa una maana yake kiufundi. Santuri ya inchi 7 ina nafasi finyu, hivyo mifereji hubanwa na besi hupunguzwa ili sindano isiruke. Ukiutandaza wimbo mmoja kwenye inchi 12, mifereji inaachana, ngoma ya mguu inachongwa kwa nguvu yake yote. Mpiga drams ndiye aliyefaidi kuliko mwimbaji.

Tahadhari: kazi nyingi za Norman Harris hupewa jina la watatu kimakosa. Sideshow wa Blue Magic, 1974, ni utayarishaji wa Harris. Watatu walikuwa kampuni, lakini kila mmoja alikuwa na shamba lake.

Na Disco Inferno?

Uliandikwa na Leroy Green na Ron Kersey, mpiga kinanda wa kundi, baada ya tukio la moto kwenye sherehe ya ghorofani katika filamu ya The Towering Inferno ya 1974. Mwimbaji mkuu ni Jimmy Ellis, aliyefariki 2012. Tom Moulton ndiye aliyechanganya sauti, na toleo la albamu lina dakika 10 na sekunde 54.

Ulipotoka mwishoni mwa 1976 ulitawala chati ya disko lakini kwenye chati kuu ukaishia namba 53. Ulipoingizwa kwenye santuri za filamu ya Saturday Night Fever mwaka 1977 ukapata maisha ya pili, ukafika namba 11 mwaka 1978. MFSB nao wamo kwenye santuri hizo, kwa K-Jee. Kwa hiyo familia ya Sigma imesikika mara mbili ndani ya jalada ambalo wanunuzi wengi walilinunua kwa ajili ya Bee Gees.

Ile sauti nzito kwenye Zing! Went the Strings of My Heart ni ya nani?

Ya Young. Wimbo wa 1934, The Trammps wakaufufua mwaka 1972.

Nyimbo gani anapewa lakini hakupiga?

I Will Survive wa Gloria Gaynor: drams ni za James Gadson. Don't Leave Me This Way ina matoleo mawili yanayochanganywa kila siku. La Harold Melvin and the Blue Notes la 1975 ni la Young. La Thelma Houston, lililovuma zaidi, ni la Motown na lina Gadson tena. Stayin' Alive wa Bee Gees haukuwa na mpigaji kabisa siku ile. Walikata kipande cha utepe kutoka kwenye Night Fever wakakizungusha.

Young Americans wa David Bowie huwapotosha wengi kwa sababu ulirekodiwa Sigma Sound, mwaka 1974. Mpiga drams alikuwa Andy Newmark. Kutoka kwa wenyeji wa MFSB alipatikana Larry Washington wa konga.

Je, analipwa kila mdundo huu unapopigwa?

Hapana. Mpangilio wa ngoma kama huu hauna hakimiliki kwa namna maneno au melodi ilivyo nayo. Ungekuwa nayo, house na nusu ya pop ya leo ingekuwa inamlipa yeye.

Kwenye rekodi alizopiga mwenyewe inategemea jina lililoandikwa. Redio za kawaida za Marekani huwalipa watunzi tu, si wapigaji. Redio za kidijitali za kule hugawa hivi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii anayetajwa, na 5 kwa mfuko wa wapigaji na waitikiaji waliokodiwa. Sasa linganisha. Kwenye Disco Inferno, The Trammps ndio msanii anayetajwa, kwa hiyo fungu lake limo ndani ya ile 45. Kwenye The Love I Lost yeye ni mpigaji wa kukodiwa, anagawana na wenzake ile 5. Mguu ni ule ule.

Nataka kukata kipande cha drams zake niweke kwenye wimbo wangu. Nianzie wapi?

Unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Kwa rekodi, nyimbo za The Trammps za Atlantic ziko Warner, na za Philadelphia International za kipindi chake utaanzia Sony. Andaa sekunde ulizokata, toleo ulilokata (inchi 7, albamu au rimiksi, maana haki zaweza kutofautiana) na wimbo wako ulivyo sasa. Omba kabla ya kutoa. Kuomba baada ya wimbo kuvuma ni kumpa mwenzako kisu na kumwonyesha shingo.

Leseni ya kuruhusu muziki kupigwa hadharani, iwe ya Tanzania au ya Kenya, haihusiki hapa. Hiyo ni ya ukumbi na redio. Njia ya bei nafuu ni kuupiga mdundo upya mwenyewe, jambo ambalo, kama ilivyoelezwa juu, halimhitaji mwanasheria.

Nachanganya nyimbo hizi kwenye programu na zinateleza. Tatizo nini?

Si kompyuta yako. Wapigaji wa Sigma walipiga pamoja chumbani, na mwendo wao hupanda kidogo kiitikio kinapowaka na kushuka sehemu za maneno. Gridi iliyonyooka haiwezi kuufuata. Weka alama ya hesabu ya kwanza kila baada ya mizunguko 8 au 16, kwa mkono, halafu iache programu inyooshe katikati. Usiruhusu ikokotoe wimbo mzima kwa namba moja.

Kwa santuri halisi, kaa na kidole kwenye ukingo wa sahani kwa muda wote wa mchanganyo. Ingiza wimbo mpya kwenye sehemu ya ngoma tupu, na ulinganishe haiheti kwa haiheti badala ya mguu kwa mguu. "Tsii" mbili zikipishana utazisikia mapema kuliko "dum" mbili.

Nisikilize zipi, na toleo gani?

Anza na The Love I Lost, lakini toleo la albamu ya Black & Blue, lenye dakika zaidi ya 6. Santuri ndogo iliukata vipande viwili, na huo mkia ambapo waimbaji wanarudi nyuma na drams zinabaki mbele uko upande wa pili. Halafu Bad Luck wa kundi hilo hilo, 1975, uliokaa wiki 11 kileleni mwa chati ya disko. Humo besi ya Ronnie Baker inatembea huku mguu wa Young umesimama, na ni darasa la jinsi wawili wanavyogawana nafasi. For the Love of Money wa The O'Jays uweke kwa ajili ya tofauti: ni Young, ila si disko, na unaonyesha alivyojua kuuacha mguu unyamaze.

Ten Percent utafute rimiksi ya Gibbons. Disco Inferno utake ya dakika 10:54. Ukikuta ya dakika 3 na nusu, hiyo ni ya redio, na sehemu ndefu ya katikati, ambako kinanda na ngoma vinabaki vyenyewe, imekatwa.